Kitufe cha Sauti cha Mzee Kihwele

Fundiroboti liliingia dirishani bila hodi, kama mabosi waliolituma. Kidole chake chembamba kikapenya nyuma ya redio, kikapapasa nyaya, kikang'oa kitufe cha sauti na kukimeza.

Mzee Kihwele hakuomba hayo. Aliiomba Idara ya Sauti ya Makambako tone la spiriti tu. Kitufe kilikuwa kimeingia vumbi, ukikizungusha kinakwaruza, na mikwaruzo ilifunika salamu za marehemu mkewe, Tulalumba. Mama yule alikuwa mtu wa salamu za redio. Akipata nafasi hewani anawataja wote: wifi zake, wanakwaya, muuza mkaa, na wa mwisho kabisa mumewe. Mumewe alimrekodi mara moja tu, kwenye kanda ya redio hiyo hiyo. Hakuna sauti yake nyingine iliyobaki duniani.

Lakini wakubwa wa Idara, watu wasiowahi hata kufuta vumbi la redio, walishaamua mkono wa raia usiguse sauti. Pale palipokuwa na kitufe fundiroboti likapachika pimamoyo, kijidude kinachosikiliza mapigo ya msikilizaji. Moyo ukienda mbio, kinapunguza sauti, eti raia wasipate presha.

Mzee akawasha. Tulalumba akasalimu wifi, akasalimu kwaya. Alipofika kwa muuza mkaa, mzee alijua jina linalofuata. Moyo ukaruka. Sauti ikazimika.

Akaenda Idarani. Mhandisi Lubuva alimsikiliza huku akimenya karanga, akamweleza kwamba chombo ni kizima, mbovu ni moyo.

"Kwa hiyo nisimpende?"

"Mpende, mzee wangu. Ila taratibu."

"Na wewe mkeo unampenda kwa kipimo cha Idara?"

Foleni nzima ikacheka. Lubuva akapangusa maganda mezani, akasema kitufe kile kimeshasagwa, na nyumba isiyo na pimamoyo inakatiwa umeme. Wanaotunga sheria za namna hiyo hulala usingizi mzuri sana.

Basi mzee akaanza kujizoeza. Akamsikiliza mkewe kama anayesikiliza bei za mahindi. Ilimchukua masika yote. Jioni moja Tulalumba akamaliza kwaya, akampita muuza mkaa, akasema wazi kabisa, "na mume wangu Kihwele, popote alipo."

Mzee alikuwa anakuna goti. Pimamoyo likawaka taa ya kijani, likampongeza kwa afya njema.