Mikono Miwili ya Kalisti

Kila asubuhi Kalisti aliteka maji ziwani, akafagia uwanja, kisha akaenda nyuma ya jiko kunyanyua chuma. Kilikuwa kipande cha bomba chenye kopo la saruji kila upande, alichokitengeneza na rafiki yake Lukas. Alinyanyua mpaka jasho likamtoka, ndipo akaoga na kukimbilia shuleni, pale Ujiji, alikosoma darasa la sita.

Mwaka ule shule yao ilichaguliwa kuonyesha halaiki siku ya Saba Saba. Mwalimu Gervasi, aliyewahi kufundisha mazoezi katika Jeshi la Kujenga Taifa, aliwapanga wavulana wajenge mnara wa watu. Kalisti alikuwa na mabega mapana kuliko wote, hivyo akawekwa chini, katikati. Juu kabisa, akimtegemea yeye, angesimama Assani wa darasa la nne, akipeperusha bendera. Siku hiyo Kalisti alifurahi hata usingizi ukampaa.

Wangecheza vifua wazi, wamejipaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, ili miili ing'ae. Basi siku moja mazoezini, Dunia, mtani wa darasa, akasema mkono wa kulia wa Kalisti ni wa baba na wa kushoto ni wa mtoto. Wote wakacheka. Kalisti naye alicheka, lakini alipofika nyumbani alichukua uzi akapima. Kweli, wa kulia ulikuwa mnene zaidi. Kila jioni alimsaidia baba yake, Mzee Bonifasi, kuranda mbao za mitumbwi, na mkono huo ndio uliofanya kazi kubwa.

Aliona kama uwanja mzima utautazama mkono ule mwembamba tu. Tangu hapo aliuacha wa kulia, akanyanyua kwa wa kushoto peke yake, asubuhi na jioni, akiongeza uzito na kupima kila siku. Haukupita muda, bega likaanza kuuma. Alilikanda kwa maji ya moto kwa siri, asije akanyimwa nafasi yake.

Siku ya mazoezi ya mwisho ikafika. Ngoma zilipigwa, wasichana wakaimba, vumbi likatimka. Assani alikuja mbio, uso wote meno.

"Mama anaogopa nitaanguka," alimwambia Kalisti. "Nimemwambia asiwe na wasiwasi, chini yupo Kalisti."

Kalisti alijaribu kuinua mkono wa kushoto. Haukupita usawa wa sikio. Angeweza kukaza meno, na pengine hakuna ambaye angejua. Alimtazama Assani, kisha akatoka mstarini.

"Mwalimu, bega langu limeumia," alisema. "Nikisimama chini, Assani ataanguka."

Mwalimu Gervasi alilishika bega, akamuuliza lilivyoumia. Kalisti akaeleza yote. Mwalimu hakumgombeza wala hakucheka. Aliagiza uzi, akawataka wavulana wote wapime mikono yao. Uwanja ukawa kelele tupu. Mikono ya Lukas haikulingana. Ya Dunia haikulingana, tena wa kushoto ndio uliozidi. Mwalimu mwenyewe alikunja mikono ya shati, akapimwa, naye vilevile. Dunia akaja kumpa Kalisti mkono.

Kwenye zahanati walimwambia Kalisti apumzike asinyanyue kitu. Lukas akachukua nafasi yake, na Kalisti akapewa filimbi ya kuongoza mnara.

Siku ya Saba Saba watu walijaa uwanjani, wengine wameshuka kwa malori kutoka Kalinzi na Kidahwe. Kalisti akapuliza. Safu ya kwanza ikafungana mabega. Akapuliza tena, ya pili ikapanda. Mara ya tatu, Assani alikwea kama kuchakulo, akasimama wima, bendera ikafunguka kwa upepo wa ziwani. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Mama yake Assani alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na Kalisti alijikuta akirukaruka, hakumbuki tena habari ya mikono.

Walipotulia, mwalimu aliwakusanya.

"Hakuna mwili ambao pande zake mbili zinalingana kabisa," alisema. "Fanyeni mazoezi ya mwili mzima, taratibu, na mpumzike. Na ukiumia, sema. Ukificha maumivu, anaweza kuumia mwenzako aliyekuamini. Leo Assani ameshuka salama kwa sababu Kalisti alisema kweli mapema."