Maua Saba ya Boga

Tekla alikuwa na miaka sita. Alikaa mjini na Baba, ghorofa ya tatu, na bustani yao yote ilikuwa kopo moja la maua dirishani.

Mwezi mmoja shule ikafungwa kwa siku tatu. Siku tatu tu, si zaidi. Baba akasema wataenda kupumzika milimani, kwa Bibi.

Gari likapanda mlima. Nguu, nguu, nguu. Kisha barabara ikaisha, nao wakashuka na kutembea kwa miguu. Tipu, tipu, tipu.

Nyumba ya Bibi ilikuwa juu kabisa. Mbele yake palikuwa na matuta ya njegere. Nyuma yake palikuwa na mmea mmoja wa boga, mkubwa, uliotambaa mpaka kwenye banda la kuku.

Mlangoni alisimama Shangazi Fidea, dada yake Baba. Kwenye kiti alikaa Bibi, mama yao wote wawili.

Tekla akapiga goti kidogo, akasema shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, akacheka. Ndipo Tekla akaona kwamba Bibi hakuwa na jino hata moja.

Tekla akamnong'oneza Shangazi. Alitaka kujua Bibi anakula nini.

Shangazi akamwambia Bibi anakunywa uji. Anakula ndizi za kuponda. Lakini kitu anachokipenda kuliko vyote ni boga. Boga la kuchemsha, laini na tamu. Mwaka huu walikuwa na mmea mmoja tu, na Bibi alikuwa anausubiri tangu mvua za kwanza.

Jioni ile Bibi akagonga fimbo yake sakafuni. Ko, ko, ko.

"Maboga bado?"

"Bado kidogo, Mama," akajibu Shangazi.

Bibi akavuta pumzi, akasubiri.

Usiku Tekla akala magimbi na njegere. Akaongezwa, akala tena. Kisha akalala kitanda kimoja na Bibi, kwa sababu milimani kuna baridi.

Jumamosi asubuhi Tekla aliamka mapema. Ko, ko, ko.

"Maboga bado?"

"Bado kidogo, Mama."

Bibi akavuta pumzi, akasubiri.

Tekla akazunguka nyuma ya nyumba, peke yake. Na huko akayaona maua ya boga. Yalikuwa makubwa, ya manjano kama kiini cha yai.

Kule mjini, ukimpenda mwalimu wako, unampelekea maua. Tekla alimpenda Bibi. Basi akaamua kumpa Bibi maua.

Maua mengine yalikuwa na shina refu, jembamba. Maua mengine yalikuwa na kitu cha kijani chini yake. Kilikuwa kidogo na cha mviringo, kama gololi.

Tekla alivipenda vile vigololi. Akachagua maua yenye vigololi tu.

Ka. Moja.

Ka. Mbili.

Ka. Tatu. Ka. Nne. Ka. Tano. Ka. Sita.

Ka. Saba.

Akainua majani, akatafuta mengine yenye kigololi. Hayakuwepo. Alikuwa ameyamaliza.

Akayapanga kwenye kikapu, akakificha chini ya kitanda. Alitaka kumshangaza Bibi jioni. Akacheka peke yake, maskini, akakimbia kunywa uji.

Wewe unayesikiliza, usimseme Tekla sasa hivi. Hata wewe ungeyapenda.

Baada ya uji, Shangazi akawachukua Baba na Tekla matembezini. Wakashuka kwa njia nyembamba. Tipu, tipu, tipu. Wakakuta mti wa forosadi, wakala mpaka midomo ikawa ya zambarau. Baba naye alikuwa na mdomo wa zambarau, mtu mzima mzima.

Wakafika mtoni. Chururu, chururu, yakasema maji. Tekla akaruka kutoka jiwe hili mpaka jiwe lile. Maji yalikuwa ya baridi, na vidole vya miguu vikafa ganzi.

Ilikuwa asubuhi nzuri sana. Laiti ingeishia hapo.

Wakati wa kurudi wakapita kwa Mama Pelagia, jirani, kuangalia bustani yake. Mama Pelagia akawaonyesha karoti. Akawaonyesha kabichi. Akampa Tekla karoti moja yenye udongo wake, aende akaioshe.

Pembeni ya kabichi kulikuwa na maboga. Tekla akayaona yale maua ya manjano, akafurahi. Akasema hata kwa Bibi yapo.

Shangazi akachuchumaa karibu naye.

"Unaona haya yenye shina refu? Haya hayazai. Tunayapika mboga," akasema. "Lakini hili lenye kigololi, hatulichumi. Hiki kigololi ndicho boga lenyewe. Kitakua, kitakua, mpaka wewe ushindwe kukibeba."

Tekla akakitazama kile kigololi.

Moyo wake ukapiga. Du, du, du.

Karoti ilikuwa mkononi, imeoshwa, safi. Tekla hakuweza kuila.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Baba alikuwa anapiga mluzi. Shangazi alikuwa anacheka. Tekla alikuwa nyuma, anaangalia miguu yake.

Laiti ningeuliza, akasema moyoni. Laiti nisingechuma.

Walipofika, akaingia chumbani haraka, akavuta kikapu chini ya kitanda. Maua yalikuwa yamejifunga na kulegea. Vigololi vilikuwa pale pale, vyote saba.

Tekla akakimbia navyo nyuma ya nyumba. Akachukua ua la kwanza, akaliweka pale alipolikata, akalishikilia kwa vidole viwili. Akahesabu mpaka kumi. Akaachia.

Likaanguka.

Akajaribu la pili. Nalo likaanguka. La tatu akalifunga kwa jani la nyasi. Likaning'inia kidogo, kisha likaanguka.

Laiti ningeuliza. Laiti nisingechuma.

Kutoka barazani akasikia fimbo. Ko, ko, ko.

"Maboga bado?"

"Bado kidogo, Mama."

Bibi akavuta pumzi, akasubiri. Alikuwa anasubiri kitu ambacho hakipo tena, na aliyejua ni Tekla peke yake.

Tekla akawaza aseme ni kuku. Kuku walikuwa pale pale karibu na mmea, wanachakura, na kuku hawawezi kujitetea. Ko-ko-ko tu ndiyo wanayojua kusema.

Lakini akachungulia barazani, akamwona Bibi. Bibi alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Alikuwa anatabasamu kidogo, mwenyewe, kama mtu anayeonja kitu mdomoni.

Tekla akashindwa kuwasingizia kuku.

Akapanda barazani polepole. Akaweka kikapu kwenye mapaja ya Bibi.

"Bibi, maboga hayapo," akasema. "Nimeyachuma mimi. Nilidhani ni maua tu. Nilitaka kukupa wewe."

Shangazi akaweka sufuria chini. Baba akafungua mdomo amgombeze Tekla, lakini Shangazi akamgusa mkono, naye akaufunga.

Bibi akachukua ua moja. Akakipapasa kigololi kwa kidole gumba.

"Yote?"

"Yote saba, Bibi."

Bibi hakucheka wala hakugomba. Akainuka. Ko, ko, ko, akaingia chumbani. Akafunga mlango.

Tekla akabaki amesimama. Afadhali angegombezwa. Mtu akikugombeza unajua yamekwisha, lakini mlango uliofungwa hauna la kukuambia.

Shangazi akamshika mkono, wakaenda kwenye mmea. Wakatafuta jani kwa jani. Wakaangalia mpaka nyuma ya banda la kuku. Hakikuonekana kigololi hata kimoja.

Tekla akauliza kama mmea utatoa maua mengine.

"Sijui," akasema Shangazi. "Mvua zinaisha. Unaweza kutoa, unaweza usitoe. Sitaki kukudanganya."

Kisha Shangazi akabeba kikapu jikoni, maana chakula hakitupwi.

Akayaosha maua. Akayakata pamoja na vigololi vyake. Tekla akaleta kitunguu, akaleta karanga zilizosagwa. Kila alichotumwa alikileta mbio, ingawa hakuna aliyemwambia akimbie.

Sufuria ikachemka. Togo, togo, togo. Harufu ya karanga ikatoka jikoni, ikapita barazani, ikaingia chini ya mlango wa chumba.

Mlango ukafunguka. Ko, ko, ko.

Bibi akakaa kwenye kiti chake, hakumwangalia mtu. Shangazi akamwekea mboga na ugali laini. Bibi akatia tonge mdomoni. Akatafuna kwa ufizi, taratibu.

Wote wakamtazama.

"Ni laini," akasema Bibi.

Akala tena. Akala tena.

"Ni tamu," akasema. "Lakini si boga."

Tekla naye akaonja. Ilikuwa tamu kweli. Ilikuwa tamu kuliko magimbi, kuliko njegere, kuliko forosadi. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, yakadondoka kwenye sahani. Aliona anakula maboga ya Bibi kabla hayajawa maboga.

Jua likazama nyuma ya mlima. Baridi ikaanza. Shangazi akaosha vyombo, Baba akapanga nguo kwenye begi, kwa sababu kesho yake ilikuwa safari ya kurudi mjini.

Tekla akasimama kwenye mlango wa chumba. Alikuwa amevaa sweta na soksi, tayari kulala. Lakini hakujua kama leo anaruhusiwa kitandani.

Bibi alikuwa amelala, ameangalia ukutani.

"Bibi, nisamehe," akasema Tekla.

Bibi hakugeuka.

Tekla akasubiri. Sasa zamu ya kusubiri ilikuwa yake.

"Nimekasirika," akasema Bibi, bado anaangalia ukutani.

"Najua, Bibi."

"Hilo boga nimelingoja tangu mvua za kwanza. Nimelingoja sana."

"Najua, Bibi."

Kitanda kikalia. Kwii. Bibi akageuka, akamwangalia Tekla kutoka kwenye soksi mpaka kichwani.

"Mnaondoka saa ngapi kesho?"

"Baba amesema tukishakunywa chai."

Bibi akafikiri. Akafikiri tena. Nje kuku walikuwa wameshaingia bandani na kunyamaza.

"Boga nitalingoja mwaka mwingine," akasema. "Lakini wewe unaondoka kesho, na sijui utakuja lini. Sina muda wa kukununia. Panda kitandani, unaniingizia baridi."

Tekla akapanda mbio. Akaingia chini ya blanketi, akajibana kwenye mbavu za Bibi. Miguu yake ilikuwa ya baridi kama maji ya mtoni, na Bibi akalalamika, lakini hakuisukuma.

Bibi akataka kusikia habari za matembezi. Tekla akamwambia kuhusu forosadi na mdomo wa Baba. Akamwambia kuhusu mawe ya mtoni. Bibi akauliza kama lile jiwe pana, lenye utelezi, bado lipo. Tekla akasema lipo, na alikaribia kuanguka juu yake.

"Mimi nilianguka," akasema Bibi. "Mara mbili. Na ndoo ya maji kichwani."

Tekla akacheka. Bibi naye akacheka, kile kicheko chake kisicho na meno.

Wakaongea mpaka maneno ya Tekla yakaanza kuwa machache. Kisha yakawa nusu nusu. Kisha yakaisha.

Bibi akamvutia blanketi mpaka shingoni. Akabaki macho kidogo, anamsikiliza anavyopumua, na hakutaka usingizi umchukue mapema.