Sikutazama Jikoni

Mwaka wa 1966 nilikuwa dresa, msaidizi wa daktari, katika kijiji chenye uzio karibu na Garissa. Wafugaji wa Kisomali waliletwa humo na serikali kwa sababu ya vita. Asubuhi wanawake walichota maji mtoni chini ya ulinzi, kisha walikuja kwenye somo langu. Niliwafundisha kuchemsha maji ya kunywa.

Kila somo niliwahesabu. Walikuwa arobaini, hawakupungua. Katika ripoti niliandika kwamba mafunzo yanaendelea vizuri. Nilijiona fundi kweli.

Lakini watoto waliendelea kuharisha. Kaaha, mtoto wa pekee wa Shamso, mmoja wa wanawake wa somo langu, alikuwa na miaka miwili. Aliharisha siku tatu, akafariki.

Nilimwendea Batula, nyanya yake Kaaha, ambaye zamani aliuza maziwa sokoni na alijua Kiswahili. Nilimwuliza kwa hasira kwa nini hawakuchemsha maji, na mimi nimesema mpaka koo limekauka. Alinipeleka jikoni, akatia kaa la moto ndani ya chombo kitupu, akafunika. Moshi ulipojaa alitoa kaa, akamimina maji ya mto. Hivyo ndivyo walivyotunza maziwa tangu enzi za mababu, yasiharibike upesi. Walidhani maji nayo ni vivyo hivyo. Kuni za kutosha kuchemshia zilikuwa nje ya uzio, na zaidi ya kwenda mtoni, kutoka kulikatazwa.

"Daktari, wewe nahesabu watu," alisema. "Jiko hapana angalia. Hapana uliza sisi kuni iko wapi."

Ningeuliza mapema, pengine Kaaha angekuwa hai. Majuto ni mjukuu, na wangu nimemlea hadi leo.

Nilimwomba mkuu wa kijiji, akaruhusu wanawake waokote kuni mara mbili kwa wiki. Batula aliwaeleza wenzake kwa Kisomali: moshi hutunza maziwa, lakini hauui vijidudu vya maji. Maji lazima yatokote, kisha yafunikwe. Halafu mimi na Batula tulipita nyumba kwa nyumba kila wiki. Tuliuliza kama kuni zipo, tukatazama sufuria, tukauliza nani anaharisha. Baada ya miezi miwili, wagonjwa wa kuharisha walipungua kutoka kumi na tisa hadi wanne.

Tulifika pia kwa Shamso. Sufuria yake ilikuwa imefunikwa vizuri.

"Maji imechemka, daktari," alisema. "Sasa nani nakunywa?"

Akanimiminia kikombe. Nilikunywa nikilia.