Betri ya Hita ya Mama

Rafiki yangu Doreen wa Burnley si mtu wa kutia chumvi, na haya aliniapia. Jioni moja ya theluji hita ya gesi iligoma kuwaka, mama yake akitetemeka kitini. Doreen akalala zuliani, akapenyeza mkono gizani chini ya hita ili kung'oa betri ya kuwashia iliyokwisha, mpya akiwa ameishika kwa mkono wa pili. Iling'ang'ania. Ghafla ikawekwa kiganjani mwake.

"Asante, Clive," alimwambia mdogo wake.

"Asante ya nini, dada? Mimi niko jikoni, nachemsha chai!"

Mle gizani kitu kikaanza kumgonga kiganjani taratibu, ta, ta, ta, kama kidole.

"Mpe basi hiyo mpya, mwanangu," mama alisema, macho kayafumba. "Usimsubirishe."