Nyama ya Kuonja Chumvi

Kila alfajiri, kabla ya shule, binti waliyemwita Fundi Chumvi alisimama kando ya beseni la nyama ya kusaga. Mama yake, muuza soseji, alikuwa na mafua yasiyokwisha, hasikii ladha. Basi binti alichota nyama mbichi kwa ncha ya kidole, akaonja.

"Bado kidogo, Mama." Au, "Hapo hapo! Usiguse tena!"

Alfajiri moja kidole hakikufika mdomoni. Tumbo lilimkata, akakimbilia chooni. Humo aliona vipande vyeupe, bapa kama utepe, vikijikunja. Akamwaga maji, akamwaga tena.

"Una nini?" Mama aliuliza mlangoni.

"Sina kitu."

Alikuwa amekonda, na shuleni wenzake walimtania, "Fundi, weka mawe mfukoni, upepo usikuchukue!" Alicheka nao, kisha akajificha nyuma ya darasa, akalia. Aliamini anakufa. Lakini wateja wakisikia kuna minyoo kwa muuza soseji, nani atanunua tena? Akafunga mdomo. Chakula hakikupita, na siku ya nne akaanguka kando ya beseni.

Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati.

"Amekula nyama isiyoiva?" daktari aliuliza.

Mama alitazama sakafu. "Hapana."

Binti alimgeukia, machozi yakimtoka. "Mama, natoa minyoo. Nitakufa?"

Mama akafunika uso kwa kanga. "Daktari, nimesema uongo. Huonja nyama mbichi kila siku. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Daktari alipima choo, akarudi na vidonge. "Hufi, binti. Ni tegu, mnyoo wa nyama mbichi, na dawa yake hii hapa. Nawa mikono kwa sabuni kila utokapo chooni. Nawe mama, usionjeshe mtu nyama mbichi, hata punje. Kaanga kipande kiive mpaka ndani, ndipo muonje. Na ugonjwa msiufiche, tungeutibu mapema."

Wiki chache baadaye mashavu ya Fundi Chumvi yalirudi. Kando ya beseni sasa kulikuwa na kikaango kidogo. Mama alikaanga kipande, akakipasua kuhakikisha hakina wekundu, akampa.

"Chumvi imezidi, Mama."

Mama hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Pale zahanati niliogopa kupoteza wateja, na wewe ulikuwa unanifia mgongoni."