Mazoezi ya Siku ya Alhamisi

Zilipobaki dakika sita, Mwanaidi Kupaza alikuwa amekwisha kujibu swali la mwisho, ameegemea kiti, anasubiri. Alijua kijana wa meza ya mbele ataangusha chupa ya maji, na chupa ikaanguka. Alijua msimamizi atakohoa mara mbili, atatazama dari ya vioo, halafu atatangaza kwamba muda umekwisha, na msimamizi akafanya yote hayo bila kuruka hata moja. Mwanaidi akajikuta anacheka peke yake. Mtihani huo alikuwa ameufanya mara thelathini na moja, na mtihani wenyewe ulikuwa kesho.

Ukumbi ukafifia, meza zikayeyuka, na mtu akamvua kofia ya nyuzi laini kichwani. Alikuwa amelala kwenye kiti kirefu katika kituo cha maandalizi, Ngamiani, jijini Tanga, saa nane mchana siku ya Jumatano. Mwalimu Gervas, mwenye kituo, alisimama mbele yake uso umemchanua kama bwana harusi. Alama tisini na nne, alimwambia. Katika watahiniwa wake wote, hakuna aliyewahi kufika hapo.

Chombo kilichofanya maajabu hayo kiliitwa Kitangulizi, nacho kwa macho kilikuwa sanduku la kijivu lisilozidi jokofu dogo. Hakikufundisha hesabu wala fizikia. Hayo mwanafunzi alipaswa kuja nayo mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuitengeneza siku. Kila asubuhi kilikusanya habari kutoka kwenye bangili za afya za watu wa nyumbani, vyombo vya jikoni, taa za barabarani, ratiba za treni ya sumaku na hata mawingu, kikazichanganya, kisha kikampa mtahiniwa siku ya mtihani kama itakavyokuwa, tangu kuamka mpaka kengele ya mwisho. Maswali yalibadilika kila duru. Siku ilikuwa ile ile, ila kila duru ilizidi kuukaribia ukweli. Mwalimu Gervas hakuchoka kueleza kwamba wanafunzi hawaangushwi na maswali, wanaangushwa na siku: tumbo la asubuhi, treni iliyochelewa, jirani anayekohoa. Mtu akiizoea siku, hofu inakosa pa kukaa.

Na hofu ilikuwa na sababu zake. Chuo cha Wahandisi wa Anga kilipokea wanafunzi tisini tu kutoka nchi sita, na mtu aliruhusiwa kuufanya mtihani wake mara moja maishani. Mwanaidi aliitaka nafasi hiyo tangu akiwa na miaka tisa, siku babu yake alipompandisha juu ya paa kutazama chombo cha kwanza cha anga kikipaa, wakarudi chini wote wawili wamepigwa na butwaa na shingo zinawauma.

Alirudi nyumbani nusu anatembea, nusu anakimbia. Mama yake alikuwa ameomba ruhusa kazini, kwenye mtambo wa kusafisha maji ya bahari, na nyumba nzima ilinukia mkate wa kumimina. Gauni la kesho lilikwisha kunyooshwa mara mbili. Barazani, Babu Kupaza alikuwa anamsugulia viatu, viatu vya kisasa ambavyo havishiki vumbi kabisa, lakini nani angemwambia.

Sheria ilidai kila mtu wa nyumbani akubali kuingizwa ndani ya Kitangulizi, na Babu aliwasumbua wiki nzima akiuliza kama yeye ni jini wa kutiwa kwenye chupa. Mwishowe aliweka kidole. Katika duru za mwanzo alikuwepo kila alfajiri, ameshika chetezo cha udi mlangoni, anamwekea mjukuu wake mkono kichwani na kumwombea dua. Tangu duru ya ishirini hakuonekana tena. Mama ndiye aliyefukiza udi, na kiti cha Babu kilikuwa kimeegeshwa ukutani. Mwanaidi aliamini kwamba mzee ameghairi kimyakimya. Ilimuuma kidogo, lakini aliona si adabu kumhoji babu yake kwa jambo kama hilo, akanyamaza na kuendelea na duru zake.

Leo lakini furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na ulimi ukalegea. Alimwamkia Babu, naye akaitika, "Marahaba, mke wangu," kwa ule utani wao wa miaka yote.

"Mume gani wewe?" Mwanaidi alisema, akiketi kando yake. "Nimekwenda kwenye mtihani mara kumi na mbili na kila mara umenikimbia. Ulijiondoa lini kwenye mashine?"

Babu aliacha kusugua. "Nijiondoe niende wapi? Kila Ijumaa napita kwa Gervas naweka kidole upya. Hata bangili sivui nikioga, isije ikanikosa."

Alicheka, kicheko kikamkatikia njiani, akatulia kwanza kuvuta pumzi. Alijikanda bega la kushoto, akasema amelilalia vibaya.

Mwanaidi hakucheka. Chombo ambacho hakikuwahi kusahau chupa ya maji ya mtu asiyemjua kingewezaje kumsahau Babu? Aliinuka, akamwambia mama yake kwamba anarudi sasa hivi, akazipiga mbio mpaka kituoni.

Mwalimu Gervas alifungua kurasa za ndani za taarifa ya Mwanaidi, zile ambazo hakuna aliyekuwa na shida nazo maadamu alama zinapanda. Wakasoma pamoja: *Mhusika wa tatu, babu. Uwezekano wa kuwepo nyumbani siku ya mtihani: kumi na moja kwa mia. Taarifa haihusu alama. Imezuiwa ili kulinda utulivu wa mtahiniwa.*

Mwalimu alikaa chini taratibu. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayejieleza mwenyewe zaidi, kwamba bangili hupiga kelele moyo ukiwa tayari umeshindwa, lakini Kitangulizi kilikuwa kimeunganisha vitu vidogo vidogo: mzee anapumzika wapi kwenye ngazi, kikombe kinamtetemeka vipi, usiku anageuka mara ngapi.

"Kimejua tangu lini?" Mwanaidi aliuliza.

"Wiki tatu." Hakuweza kumtazama. "Tulikiuliza habari za mtihani tu, binti yangu. Hatukukiuliza kingine."

Nyumbani, Babu alimsikiliza Mwanaidi mpaka mwisho, kisha akasema vizuri, atakwenda hospitali Ijumaa. Kesho ni siku ya mtoto, haiharibiwi kwa ajili ya bega. Mama alijaribu kumbembeleza, akagonga mwamba. Mzee akishasema amesema, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuvuka hapo. Mwanaidi alisimama mbele yake.

"Babu, vaa viatu. Tunakwenda sasa hivi."

Mzee alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Akavaa viatu.

Daktari alikuta mshipa mkubwa wa moyo umebaki tundu la kupita uzi. Alipitisha kwenye mkono wa mzee vijiroboti vidogo kuliko punje za mtama, navyo vikapanda na damu mpaka moyoni, vikaanza kuchimba, huku Mwanaidi na mama yake wakivitazama ukutani, wameshikana mikono. Kila kimoja kilipopenya, mama alishusha pumzi. Ilipoadhiniwa magharibi njia ilikuwa wazi, damu inapita kwa raha zake. Daktari akasema wangengoja mpaka Ijumaa asingekuwa na mtu wa kumtibu. Mama alilia na kucheka kwa pamoja, na Mwanaidi alirudi nyumbani mwepesi, anahisi angeweza kuufanya mtihani ule palepale barabarani.

Asubuhi ya Alhamisi aliamka kabla ya kuamshwa. Alikunywa chai, akavaa gauni, mama akafukiza udi. Akatanguliza mguu wa kulia, akavuka kizingiti, akapiga hatua tatu, nne, tano kuelekea stesheni.

Kisha akasimama. Alikuwa amepita kando ya kiti cha Babu kilichoegeshwa ukutani, na hakukitazama.

Ndipo alipoelewa. Kitangulizi hakikumficha tu jambo lile. Kilikuwa kinamzoesha. Katika duru ya ishirini alisimama mbele ya kiti kitupu dakika nzima, na alama zikashuka. Katika ile iliyofuata alisimama kidogo. Kufikia ya ishirini na nane alikuwa anapita moja kwa moja, na kadiri alivyopita ndivyo alama zilivyopanda, mpaka tisini na nne ambazo Mwalimu Gervas alizifurahia. Alifundishwa kumzika babu yake akiwa hai, naye akafaulu. Aliona aibu, na hasira, na hakujua amkasirikie nani.

Mama alimwita kutoka mlangoni akimkumbusha treni. Mwanaidi akamjibu kwamba anapitia hospitali kwanza.

Babu alikuwa amekaa kitandani, anabishana na roboti muuguzi juu ya vijiko vya sukari. Alipomwona mjukuu wake uso ukambadilika, akauliza mtihani je. Mwanaidi alimweleza yote, hakumficha kitu, si kiti, si zile duru kumi na mbili.

"Nilikwisha kuzoea usiwepo, Babu," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Leo nimepita pale na moyo haukushtuka hata kidogo."

Babu akajisogeza polepole, mipira ya dawa ikamfuata, mpaka nafasi ikapatikana ukingoni mwa kitanda.

"Basi kaa hapa kidogo," alisema. "Uanze kunizoea upya."

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika arobaini. Mtihani ulianza saa tatu kamili, na njia ya kutoka hospitali hadi chuoni hakuwahi kuipita katika duru yoyote. Mwanaidi akavua viatu, akapanda kitandani, akakaa.