Fundi Azima Redio

Kila asubuhi fundi cherehani alifagia sebule yake, akapanga vitambaa, kisha akafungua redio kwa sauti ya juu kabisa. Wateja walidhani anapenda muziki. Hakuupenda hata kidogo. Alikuwa akimficha binti yake.

Mteja akibisha hodi tu, mama huyo fundi alimwingiza binti chumba cha ndani na kufunga mlango. Huko binti alipunga mikono na kuguna, mmm, mmm. Mama aliona aibu, akaongeza redio. Redio ikipanda, binti naye aliguna zaidi. Walishindana hivyo miaka mingi, na fundi hakujiuliza kwa nini.

Siku moja mwalimu wa hesabu alileta suruali ipunguzwe. Alisimama mlangoni ameziba masikio.

"Samahani, fundi. Naomba uzime redio. Inaniumiza."

Fundi akazima. Mmm, mmm, ikasikika.

"Nani huyo?" mwalimu akauliza.

"Hakuna mtu. Ni redio."

"Redio umeizima."

Hakumkejeli. Alisema tu kilicho kweli. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni binti yangu," akasema. "Nimehangaika sana na dawa. Haponi."

"Labda haumwi. Huenda ana usonji, kama mimi. Mpeleke kwa wataalamu wamwangalie."

"Wewe? Mwalimu mzima?"

"Mzima kabisa. Usonji si ugonjwa wala laana. Nilizaliwa hivi, na ndivyo nilivyo. Kelele uliyoizoea wewe, mimi inanichoma. Nikiguna, natulia."

"Kwa hiyo redio yangu..."

"Ilikuwa inamuumiza."

Fundi akafunika uso kwa ile suruali, akalia. Kisha akafungua mlango. Binti alitoka na vidole masikioni, akavitoa polepole. Mwalimu alimsalimu bila kumkazia macho. Binti akaketi karibu na cherehani, akawa anapapasa kipande cha mahameli.

Wataalamu walithibitisha kwamba ni usonji. Walimfundisha mama kumsikiliza binti yake, hata asiposema neno. Siku hizi mlio wa cherehani ukianza, binti huguna pamoja nao. Mama bado huona aibu, lakini ni aibu ya ule mlango alioufunga.

Juzi mteja mmoja aliingia kwa kelele. "Fundi, vipi, redio imekufa?"

"Nzima," fundi akajibu. "Huyu hapa binti yangu. Ana usonji, na haipendi redio."

Mteja akamtazama binti, akashusha sauti. "Hujambo, mwanangu?"

"Mmm," binti akajibu, na mama hakuinamisha uso.